Malagarasi unatulisha sote, lakini nani anaulipa?

Jumamosi iliyopita nilikuwa Mugina, pale mpakani tunapotazamana na wenzetu wa Manyovu upande wa Tanzania. Sikwenda kutafuta habari. Nilikwenda kumpokea shemeji yangu aliyekuwa akitoka Kasulu. Wakati namsubiri nikaitwa kwa jina ambalo siku hizi ni watu wachache wanaolijua, jina langu la kambini. Kugeuka, namwona mama mmoja ameketi juu ya gunia la dagaa, kitenge kifuani, kalamu sikioni kama karani. Tuliishi naye Mtabila, bloku moja, na mama yangu alikuwa akimwazima sufuria.

"Dada, biashara inaendaje?" nikamuuliza baada ya salamu.

"Mdogo wangu, biashara ipo, samaki ndio hawapo," akajibu. "Zamani nikishuka Kigoma asubuhi, jioni gunia limejaa narudi. Siku hizi nalala siku tatu, nne, na nikitaja bei huku Makamba watu wananiona mwizi. Hebu niambie wewe unayeandika magazeti, samaki wamekwenda wapi?"

Nilikosa jibu la haraka. Shemeji akafika, tukaagana, lakini swali lile nimerudi nalo hadi mezani kwangu. Makala haya ni jibu langu kwa dada yule, na kwa wote wanaokula kwa jasho la mpaka.

Wengi wetu tukiulizwa swali hilo tunakimbilia nyavu. Ni kweli kabisa kwamba nyavu za macho madogo na kokoro zimeliumiza ziwa. Ndiyo maana mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili dagaa na migebuka, ambao Bujumbura tunawaita mukeke, wapate nafasi ya kuzaliana. Wafanyabiashara mnakumbuka jinsi miezi ile ilivyokuwa migumu.

Ni kweli pia kwamba ziwa lenyewe linapata joto. Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa, kutokana na joto kuongezeka, maji ya juu na ya chini ya Ziwa Tanganyika hayachanganyiki kama zamani. Rutuba inabaki chini, na vijimea vidogo ambavyo ndivyo chanzo cha chakula cha samaki vimepungua kwa karibu asilimia 20. Walikadiria kuwa hali hiyo inaweza kupunguza samaki kwa karibu asilimia 30. Hilo halikuletwa na mvuvi wa Nyanza-Lac wala mchuuzi wa Mugina. Limeletwa na moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima, na sisi peke yetu hatuwezi kulizuia.

Lakini kuna jambo la tatu ambalo halizungumzwi sana sokoni, na hilo liko mikononi mwetu. Ni mito.

Chukueni mto Malagarasi. Unaanzia katika milima ya kusini mwa Burundi, unapita Kumoso, mahali fulani unakuwa ndio mpaka wenyewe kati yetu na Tanzania, halafu unaingia Tanzania, unazunguka kwenye mabwawa makubwa ya Malagarasi na Muyovozi, na mwisho unamwaga maji yake Ziwa Tanganyika, kusini ya mji wa Kigoma. Ni safari ya karibu kilomita 475. Wataalamu wanatueleza kuwa mto huu ni mzee kuliko ziwa. Kabla bonde la ufa halijapasuka, maji yake yalikuwa yakielekea Kongo, na hadi leo ndani yake wamo samaki wanaofanana na wale wa mito ya Kongo. Mabwawa yake yaliandikishwa mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar, yakawa eneo la kwanza la Tanzania kuingia katika orodha hiyo ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia.

Kwa hiyo mto huu hautambui pasipoti. Udongo unaomomoka mlimani kwetu unatua kwenye mazalia ya samaki Tanzania, na samaki anayekosa kuzaliwa kule anakosekana kwenye gunia linalorudi kwetu.

Naomba nieleze kidogo jinsi mambo yanavyokwenda, kwa sababu tukielewa hapa tutaelewana na huko mbele. Samaki wengi wa mtoni hutaga mayai kwenye changarawe, kwenye mizizi ya matete au kwenye majani yaliyofunikwa na maji wakati wa mvua. Wapo hata samaki wa ziwani wanaopanda mtoni mvua zinapoanza, wakazaa huko na kurudi. Yai la samaki linahitaji hewa inayoletwa na maji yanayopita. Mvua ikinyesha juu ya kilima kisicho na miti wala majani, maji yanateremka na udongo. Udongo ule mwembamba unatulia juu ya changarawe na kuyafunika mayai, na yai lililofunikwa na tope linakufa. Wadudu ambao vifaranga wangewala nao wanakufa. Mtoni samaki wazima bado wanaonekana, watu wanasema mambo ni shwari, kumbe nyuma yao hakuna watoto.

Hata ziwani ni hivyo hivyo. Miaka ya 1990 watafiti waliolinganisha fukwe zenye miamba misafi na zile zilizojaa udongo wa mito walikuta kuwa palipojaa udongo aina za viumbe zilikuwa chache zaidi.

Sasa nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda, lakini naanza na mimi mwenyewe.

Sisi tulioishi kambini tulikata miti. Sheria ilitukataza kuvuka kilomita 4 kutoka kambini. Ndani ya kilomita hizo 4 maelfu ya familia yalipika kila siku, na maharage ya msaada, wote mnajua, hayaivi kwa kuni mbili. Nikiwa na miaka 12 nilijua kila kijito kilichozunguka Mtabila kwa sababu huko ndiko kuni zilikobaki, kwenye kingo za maji. Tulipofika, vijito vile vilikuwa na kivuli na tulivua vijisamaki kwa chandarua. Tulipoondoka, vingine vilikuwa mifereji ya udongo mwekundu. Hatukufanya hivyo kwa ubaya. Mtoto mwenye njaa hawezi kulindiwa mto. Lakini tulifanya, na wenyeji wa Kasulu waliotupokea ndio waliobaki na mabonde yale kambi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012.

Mimi nilirudi mwaka 2004, miongoni mwa mamia ya maelfu waliorudi miaka ile. Kilima cha baba nilikikuta kimegawanywa. Sehemu nzuri ilikuwa na watu, na watu hao nao walikuwa na watoto. Kilichobaki ni bondeni, ukanda mwembamba kando ya kijito. Nikalima mpaka kwenye maji. Jirani yangu, naye mrejeaji, akalima mpaka kwenye maji. Ng'ambo vivyo hivyo. Mvua ya kwanza ikachukua maharage, ya pili ikachukua na udongo.

Ndiyo sababu nakasirika ninaposikia mtu wa ofisini anasema wakulima wa kandokando ya mito ni wakaidi. Mkulima yule si mkaidi. Ana nusu hekta, watoto sita, na hakuna aliyemwonyesha atakula nini akiuacha ukingo wa mto.

Sheria tunazo. Tanzania, kupitia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe. Burundi sheria inataka mita 150 ziachwe kandokando ya Ziwa Tanganyika. Mikataba pia tunayo. Tarehe 12 Juni 2003 nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa kulisimamia kwa pamoja, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake hapa Bujumbura. Hakuna ubishi kwamba karatasi zimekamilika. Kinachokosekana ni mfuko.

Kazi kubwa zilizofanyika kwa ajili ya ziwa hili na mito yake zimeendeshwa kwa sehemu kubwa na fedha za wafadhili. Miaka ya 1990 ulikuwepo mradi mkubwa wa bioanuwai uliogharimiwa na Mfuko wa Mazingira Duniani. Ikafuata miradi mingine. Mwaka 2019 ukaanza mradi wa LATAWAMA wa kusimamia ubora wa maji, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Tunawashukuru wote, na tusiokuwa na shukrani ni watu wa ajabu. Lakini mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na mto hauna. Kila mmoja wetu anakijua kilima chenye kibao cha mradi ambacho rangi imeshapauka, na miche iliyopandwa siku ya sherehe ikaliwa na mbuzi kwa sababu fedha za mlinzi ziliisha kabla mti haujafika kiunoni.

Na tusijidanganye kwamba kutolipa ni kuokoa fedha. Tunalipa, tena sana. Mwezi Aprili 2020 mto Rusizi ulipofurika Gatumba, watu walipoteza nyumba na mali, na biashara ya barabara ya kwenda Uvira ilikwama. Dada yule wa Mugina analipa siku tatu za kulala Kigoma kila safari. Mama wa Makamba analipa anaponunua kopo la dagaa lililopungua kimo. Tofauti ni kwamba malipo haya hayapandi mti hata mmoja.

Niwape mfano wa jirani. Kenya, katika milima ya Aberdare, ndiko inakoanzia mito kama Chania, Thika na Gura. Waingereza walipandikiza humo samaki aitwaye trauti mwanzoni mwa karne ya 20, samaki wa maji baridi anayetaka maji meupe na changarawe safi kuliko samaki karibu wote. Maji yakichafuka kwa udongo, trauti ni wa kwanza kuaga. Mto Thika ni miongoni mwa mito inayolijaza bwawa la Ndakaini, linalotegemewa na jiji la Nairobi kwa sehemu kubwa ya maji yake. Mashamba ya mlimani yalipokuwa yanamomoka, jiji lilikuwa linalipa: dawa zaidi za kusafisha maji, mabwawa ya umeme kujaa tope.

Mwaka 2015 wakaanzisha mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi. Wazo lake halihitaji shahada. Wanaokunywa maji na kuzalisha umeme kule chini wachangie, na mkulima wa kule juu asaidiwe kutengeneza matuta, kupanda miti na kupanda majani ya tembo kwenye kingo, majani ambayo yanashika udongo na tena ni lishe ya ng'ombe wake. Kampuni ya maji ya jiji na kampuni ya umeme zikaingia. Hesabu zilizofanywa kabla ya kuanza zilikadiria kuwa dola milioni 10 zikitumika mlimani zitaleta faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30. Hawakufanya hivyo kwa huruma ya trauti. Walifanya kwa sababu ni biashara nzuri, na trauti akafaidika kwa kuwa anaishi kwenye maji hayo hayo.

Mtasema sisi hatuna jiji kama Nairobi la kulipa. Ni kweli. Lakini tuna kitu kingine: tuna mpaka, na samaki wanapita mpakani kila siku wakiwa wamehesabiwa. Hakuna mahali pengine katika safari ya samaki, tangu mtumbwini hadi sahanini, ambapo kila gunia linasimama mbele ya meza ya serikali.

Pendekezo langu ni hili. Sehemu ndogo ya kile ambacho tayari kinatozwa kwa samaki mpakani na mialoni itengwe kwa ajili ya mito. Nasema kwa msisitizo: kile ambacho tayari kinatozwa. Sitaki kesho nilaumiwe kwamba nimeleta kodi mpya. Wachuuzi wadogo wana ushuru wa kutosha, na wale ambao mzigo wao hauzidi dola 2,000, wanaotumia cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, wasiongezewe hata senti.

Tuchukue mfano tu, si takwimu. Gunia moja likitengewa faranga 500 za mto, na siku ya soko yakapita magunia 200, hiyo ni faranga laki moja. Siku 100 za soko ni faranga milioni 10. Si fedha za kujenga bwawa. Lakini ni fedha za vitalu vya miche, za mbegu za majani, na za posho ya vijana wa kilimani wanaochimba matuta. Na mwaka ujao zitakuwepo tena, na mwaka utakaofuata, bila kungoja ndege ya mfadhili itue.

Najua pingamizi, nitataja matatu.

La kwanza: fedha zitaliwa. Hofu hiyo ni halali, na kwa sababu hiyo nasema mfuko usikae mbali. Kiasi kilichokusanywa kiandikwe kila mwezi kwenye ubao pale pale mpakani, kwa Kirundi na Kiswahili, na chini yake kiandikwe kijito gani kimetengenezwa na familia ngapi zimelipwa. Kwenye kamati wawepo wachuuzi wenyewe. Dada yule wa kalamu sikioni ananitosha mimi kama mkaguzi. Hakuna mtu aliyewahi kumpunja.

La pili: upande wa pili wa mpaka hawatafanya. Basi tuanze sisi, kwa kuwa mlima uko kwetu. Lakini nchi zote nne zina wajibu wa kutoa michango yao kwa Mamlaka ya Ziwa kwa wakati, na wabunge wetu wanapopitisha bajeti waulize swali hilo kwa sauti. Haileti heshima nchi nne kumiliki ziwa la pili duniani kwa wingi wa maji yasiyo na chumvi, halafu mafuta ya boti ya doria yakaombewa Ulaya.

La tatu: kwa nini mchuuzi wa samaki alipie shamba la mtu mwingine? Kwa sababu shamba lile ndilo linaloamua kama atakuwa na samaki wa kuuza. Mkulima wa bondeni akiacha mita chache kando ya maji na kupanda majani badala ya maharage, anapoteza chakula cha kweli. Akilipwa kwa hicho anachopoteza, si sadaka. Ni ujira wa kulinda mazalia ya samaki wetu. Miaka ya kwanza apewe miche, majani na posho. Baadaye mbuzi wake watakula majani yale, na hatahitaji tena kushikwa mkono.

Kwa warejeaji wenzangu nina neno moja zaidi. Tulikuwa wageni kwenye ardhi ya watu, tukakata, na hatukulipa. Baadhi yetu tunasema hayo yalikuwa mambo ya UNHCR. Huenda. Lakini maji yanayotoka kwenye kilima changu yanashuka hadi kwa wale wale walionipa nafasi ya kulala. Mwaka 2019 niliuacha ukingo wangu, hatua kumi kutoka kwenye maji, nikapanda majani ya tembo. Sikulipwa na mtu, na sijigambi, kwa sababu mimi nina mshahara. Jirani yangu hana mshahara, na siwezi kumwambia aniige kwa tumbo tupu. Kwa hiyo kijito upande wangu kina majani, upande wake kinabomoka, na maji yanayotoka hapo bado ni mekundu. Mtu mmoja hawezi kuutengeneza mto.

Kwa viongozi husika, wa mapato, wa uvuvi na wa mazingira, natoa wito wakae meza moja kabla ya msimu ujao wa mvua. Waanze na kituo kimoja cha mpakani na vijito viwili au vitatu. Wajaribu miaka miwili, hesabu ziwe wazi. Likishindikana, tutasema limeshindikana tukiwa tumejaribu kwa fedha zetu wenyewe.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Dagaa waliokuwa wakijaza gunia kwa siku moja hawakuelea bure. Waliundwa na mito yenye kingo zake, na mito ile haikumgharimu mtu kitu kwa sababu haikuwa imeharibiwa. Leo imeharibiwa, na kuiunda upya kuna bei.

Dada yangu wa Mugina, uliniuliza samaki wamekwenda wapi. Baadhi yao hawakwenda popote. Wako chini ya udongo wa vilima vyetu, ndani ya mayai ambayo hayakupata hewa. Ukipita tena pale mezani kulipia gunia lako, muulize karani kwa adabu, kama unavyojua kuuliza wewe: katika hizi nilizolipa, za mto ni ngapi?